Bibi zetu waliobeba ukoo mzima kichwani, tupeane uzoefu (Kigoma na Tabora)

Mwana Ujiji
Wakuu habari zenu. Juzi tumemaliza arobaini ya bibi yetu hapa Ujiji, mama mzazi wa mama yangu, na tangu wageni waondoke nyumba nzima tunajiuliza kitu kimoja, sasa ataulizwa nani? Maana kila ukoo una yule mtu mmoja, ukitaka kujua fulani anakuingiaje unaenda kwake, na kwetu alikuwa yeye. Anakaa barazani na kahawa yake, kijana anapita anatoa shikamoo, badala ya marahaba anaulizwa "we wa nani?", akimtaja baba yake anaambiwa huyo namjua, nitajie mama yake baba yako. Basi muda si mrefu bibi ameshamvusha ziwa mpaka Umanyema, huko Kongo, kwa mababu waliokuja na misafara, na kukiwa na undugu wowote kijana anaondoka na jina jipya, mjomba, shemeji au babu, hata kama huyo "babu" mwenyewe yuko darasa la tano.

Miaka alikuwa hahesabu kwa namba. Mama yake alizaliwa Wabelgiji ndo wameingia, hiyo ni 1916, na mdogo wake mama yake akazaliwa ile meli ya Mjerumani inatolewa majini. Sisi watoto tulikuwa tunadhani ni hadithi tu mpaka nimekuja kusoma habari za meli yenyewe, Liemba, kumbe Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 wasiwaachie maadui na Waingereza wakaiopoa 1924, kwahiyo tarehe ya huyo bibi mdogo tulikuwa nayo siku zote. Kuna wengine kwenye ukoo alikuwa anawataja "aliyezaliwa meli iko chini", na tukipiga hesabu zinakaa vizuri tu.

Ameacha kaunta buku tatu. Hakwenda shule ya serikali, alisoma chuo cha Kurani, kwahiyo ni Kiswahili chetu hikihiki ila kwa herufi za kiarabu, na kwa penseli. Mwalimu wa madrasa ametusaidia kurasa za mwanzo, akifika kwenye majina ya kibembe na kimanyema anakwama. Sasa naomba tupeane uzoefu, bibi zenu walikuwa wanatunzaje mambo ya ukoo, na walipoondoka mlifanyaje?

Wa Kaliua
Pole sana mkuu, Mungu amlaze pema. Huku kwetu Unyamwezini bibi yangu hakuwa na daftari lolote, yeye chuo chake kilikuwa msibani. Hakuna msiba alioruhusu umpite, Urambo, Sikonge, Nzega huko, hata kwa kupanda lori la tumbaku. Tukawa tunamcheka kwamba bibi anapenda pilau la watu, kumbe mwenzetu yuko kazini. Akifika analia kidogo, anapeana pole, halafu anahamia walipo watani. Mnajua watani msibani hawana breki, yule marehemu aliyekuwa na nyumba ya pili kwa siri, aliyekimbia deni, aliyebadili jina alipohamia pwani, vyote vinatajwa hadharani na mwenye hasira hana pa kupeleka. Ndugu wa damu hawezi kukuambia hayo hata umbembeleze. Bibi alikuwa anasema historia ya ukoo ukiichukua kwa wenye ukoo umechukua nusu.

Na kwa njia hiyo alijua tawi letu lililobaki Bagamoyo, wale walioteremka na mizigo ya pembe enzi za upagazi, kabla reli haijafika Tabora 1912, wakaoa kule wakawa watu wa kule. Sisi tulikuwa tunajua waliliwa na simba!!

Kuhusu miaka naye hivyohivyo. Baba yangu ni "wa karanga", alizaliwa Waingereza wanang'oa miombo Urambo kulima karanga zao zile zilizowashinda, ule mradi ulianza 1947 na haukumaliza hata miaka mitano. Kwenye kitambulisho chake wameandika 1952, bibi mpaka anakufa anasema huyo mtoto mmemuibia umri.

Binti Mpakani
Mi naongelea faida tu. Sisi wa vijiji vya huku Kibondo ukienda kuomba kitambulisho cha taifa au pasipoti unabanwa maswali haswa, babu yako nani, aliyemzaa babu nani, alizikwa wapi, mtemi wenu wakati huo alikuwa nani, mpaka jasho linakutoka. Bibi yangu mzaa baba alitukaririsha wajukuu wote toka tuko wadogo, jioni tunapukuchua mahindi tunataja mababu kwenda juu, ukikosea unarudia toka mwanzo, kulala hakuna. Tulimchukia kwakweli. Siku yangu ilipofika nikataja vizazi saba bila kupumua mpaka yule afisa akaniambia dada inatosha, kaa.

Kasulu Original
Hahaha Binti Mpakani umenikumbusha mbali.

Wa kwetu alikuwa na redio ya mbao ya mkulima na saa yake moja ambayo haguswi, saa ya matangazo ya vifo ya Redio Tanzania. Wazee wenzangu mnayakumbuka, ndugu fulani wa Korogwe anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie fulani wa Kasulu, fulani wa Mpanda, fulani wa Geita. Sisi tulikuwa tunaona ni balaa kusikiliza vifo vya watu usiowajua, tunatamani ziwekwe taarabu. Bibi anasikiliza na penseli. Baba yake alichukuliwa manamba kwenda kwenye mkonge Tanga kabla yeye hajaota meno na hakurudi, kama Waha wengi wa enzi hizo, yaani kijijini kwetu kulikuwa na nyumba hazina baba kabisa. Jioni moja jina la marehemu likafuatwa na jina la baba yake bibi, mtu wa Muheza, na mwishoni habari ziwafikie "ndugu wote wa Heru", yaani huku kwetu Kasulu. Bibi akazima redio. Akamwita mwalimu wa shule ya msingi amwandikie barua. Majibu yalichukua muda mrefu sana ila yalikuja, na ndani kuna picha ya wanaume wawili wana pua ya bibi hiyohiyo. Mpaka leo tunaenda harusi za Muheza na wao wanakuja.

Kingine, operesheni vijiji ya miaka ya sabini ilipowatoa watu kwenye milima kuwapanga barabarani, makaburi yalibaki kule kwenye mahame. Bibi kila kiangazi anachukua wajukuu, tunapanda, anatuonyesha kaburi kwa miti, huyu chini ya mnyaa, huyu mawe matatu, huyu pale palipokuwa zizi. Watu wa shamba jirani waliposema pale hapakuwahi kukaa mtu, baraza la kata lilitembezwa na mtoto wa darasa la sita kaburi kwa kaburi. Kesi iliisha siku hiyohiyo.

Chabruma wa Mwanga
Hamjagusa pagumu. Mjini Ujiji na Tabora pote ilikuwa njia ya pembe na watumwa, lakini ukiuliza watu kila ukoo una babu Mwarabu wa kujisifia na hakuna hata mmoja mwenye bibi aliyeuzwa. Hao watumwa walienda wapi wote?? Sheria ya kufuta utumwa Tanganyika imepita 1922 tu, si zamani hivyo.

Bibi yangu mimi hakuwa na hiyo aibu. Siku ya posa ya dada, upande wa muoaji wameanza kushusha nasaba yao, sijui sharifu nani mwana wa sharifu nani, wajomba zetu nao wanajipanga kujibu. Bibi akasema sisi bibi yetu aliletwa hapa mdogo, akanunuliwa kwa nguo na shanga, akazaa watoto sita, na mimi hapa ni mjukuu wake, endeleeni. Wajomba walitamani ardhi ipasuke. Posa ikapita vizuri tu, tena mama mkwe wa dada akamfuata bibi jikoni kumnong'oneza ya kwao.

Mwana Ujiji
Asanteni wakuu, nimesoma zote. Chabruma kumbe hapo ndo tulipo. Kwenye kurasa zilizosomwa kuna watoto wa babu wa nje ya ndoa wameandikwa sawasawa na wengine, na mjomba mkubwa anataka tukihamishia kwenye kompyuta tuwaruke. Mama amegoma kabisa, anasema bibi alikuwa na penseli na kifutio, angetaka kuwafuta angewafuta mwenyewe. Mi niko upande wa mama. Picha za kurasa zote nimeshapiga na nimetuma kwa ndugu watatu tofauti ili lisitokee la kutokea. Kilichobaki ni msomaji.

Chabruma wa Mwanga
Msomaji yupo Kibirizi, mzee wa kibembe, baba yake alikuwa anaandikia barua wafanyabiashara wa dagaa kwa herufi hizohizo. Njoo inbox nikuelekeze nyumba. Nenda asubuhi, mchana analala, na usimpelekee picha za simu haoni vizuri, beba daftari lenyewe.