Binti wa sentimita 181, kidato cha nne Malindi: afanyeje ili kikapu kiwe kazi?

MjombaMuyeye:
Assalaam aleikum wanajukwaa. Mpwa wangu ana miaka 17, yuko kidato cha nne hapa Malindi. Urefu wake sentimita 181, bila viatu. Shuleni anacheza senta, na huvaa hijabu uwanjani. Anataka mpira wa kikapu uwe ajira. Sasa kuna bwana kampigia babake, ajiita ajenti, asema atamtafutia timu Ulaya, lakini kwanza atumiwe shilingi elfu 60 za "kufungua faili". Tutume? Na je, aanzie ligi ya hapa au atafute chuo Marekani? Hijabu nayo haitamzuia?

Refa_wa_Pwani:
Waaleikum salaam. Msitume hata senti. Ajenti wa kuvusha wachezaji mipaka lazima awe na leseni ya FIBA, shirikisho la kikapu duniani, na majina yao yamo kwenye tovuti ya FIBA. Mwambieni awape jina lake kamili, mlitafute wenyewe. Malipo yake hutoka kwenye mkataba baada ya mchezaji kupata timu, na kanuni za FIBA zinamwekea kikomo cha asilimia 10 ya mshahara. Wa kuomba hela kabla ya mkataba anauza faili, hauzi mchezaji.

Halafu huyo binti ana miaka 17. Mchezaji akihama nchi, shirikisho analotoka hutoa barua ya ruhusa, na kwa walio chini ya miaka 18 FIBA hairuhusu kuhama isipokuwa kwa sababu maalumu. Kwa hiyo hata bwana huyo angekuwa mkweli, mwaka huu hana la kuwauzia.

GadiNambari4:
Mimi nashika hilo la senta. Kwa shule zetu, msichana wa sentimita 181 husimamishwa chini ya ringi miaka minne, akaambiwa ashike rebaundi na kupasia wenzake. Akifika nje anakuta senta wa kweli. Madina Okot, aliyetoka Chuo Kikuu cha Zetech hapa Kenya akaenda vyuo vya Marekani, Mississippi State kisha South Carolina, ana takriban sentimita 198. Mpwa wako huko ni gadi (mdunda na mgawa mpira) au winga (wa pembeni), na gadi asiyejua kudunda kwa mkono wa kushoto hana kazi.

Aanze hivi. Kwanza mpira: wanawake hutumia saizi 6, gramu 510 hadi 550. Nambari imepigwa karibu na tundu la kupulizia. Shule nyingi zina saizi 7 ya wavulana; mkono ukizoea ule mzito, mrusho unatoka begani badala ya kiwiko na kifundo. Pili apime ringi kwa futi ya fundi: mita 3.05 kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu. Kwa chumvi hii ya bahari chuma huliwa kwenye bawaba, ringi ikainama mbele, na mtoto akajifunza kurusha mpira chini chini, usiopanda juu, bila kujua.

Kila siku dakika 20 za kudunda, nusu yake kushoto peke yake. Kisha mirusho 200 iliyoingia (ile iliyokosa haihesabiwi), 60 kati yake kutoka mstari wa pointi tatu, mita 6.75. Mistari ya shule isiaminiwe, ipimeni tena. Mirusho huru apige kumi kumi akiwa amechoka, baada ya kukimbia uwanja mara nne, maana ndivyo inavyokuja kwenye mechi.

Bi_Msomi_Lamu:
Kaka, kuhusu Marekani. Kwa Divisheni ya 1 ya NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo huko, yanahitajika masomo ya msingi 16 na wastani wa alama wa 2.3 kati ya 4, na hukaguliwa kwa matokeo ya kidato cha kwanza hadi cha nne, basi ripoti za shule zisitupwe. Divisheni ya 3 haitoi ufadhili wa michezo, kwa hiyo mtu akiwaambia amempatia "skolashipu ya kikapu" huko, mjue.

Kinachowaangusha wengi ni saa. Ukimaliza sekondari una mwaka mmoja wa kujiunga na chuo. Ukiupita huku unacheza mashindano, misimu yako minne ya kucheza chuoni huanza kukatwa. Kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara, zithibitisheni NCAA kwenyewe. Akitaka kucheza ligi ya hapa, KPA ya Mombasa, timu ya Mamlaka ya Bandari, ndiyo klabu kubwa ya wanawake iliyo karibu nanyi, lakini asisaini chochote cha mshahara kabla ya kuamua kuhusu chuo.

Video ya kuwatumia makocha: mechi nzima mbili, na kipande cha dakika tatu au nne. Simu ikae kwenye stendi juu ya jukwaa, usawa wa mstari wa kati. Kabla ya kila tukio mzungushieni duara ajulikane ni nani. Wekeni na makosa ya ulinzi aliyoyarekebisha, makocha huangalia hayo kuliko vikapu. Muziki hautakiwi.

Ada za viza ya mwanafunzi, dola 350 za SEVIS (mfumo wao wa kusajili wanafunzi wa kigeni) na 185 za ombi, hulipwa serikali yao moja kwa moja.

Refa_wa_Pwani:
Hijabu: FIBA iliondoa marufuku 2017. Masharti ni kwamba iwe nyeusi, nyeupe au rangi kuu ya jezi, wachezaji wote wa timu wanaovaa wavae rangi moja, uso usifunikwe, na isiwe na pini wala kifungo. Nunueni ya kuvuta kichwani. Ufaransa msitafute timu: shirikisho lao limekataza kwenye mashindano yake yote.

MjombaMuyeye:
Allah awalipe. Hukimbia mchangani Silversands kila alfajiri. Hiyo yatosha kwa magoti?

Fizio_Mkanda:
Pumzi, naam. Goti, hapana. Ligamenti ya goti, ile ACL, hukatika kwa wasichana mara nyingi zaidi kuliko kwa wavulana, na kwa kawaida hakuna aliyemgusa: ni kutua kwa mguu mmoja, goti limenyooka au limeingia ndani. Mara tatu kwa wiki, dakika 15 kabla ya mazoezi: kuruka na kutua kimya, magoti yamekunjwa na kuelekea vidole, kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kupiga magoti mwenzake akashika vifundo, kisha kujishusha mbele polepole. Mpigeni video kutoka mbele, mtaona goti likiingia. Likikatika ni miezi tisa hadi kumi na miwili nje.

Bi_Msomi_Lamu:
Mkataba wa kwanza utakapokuja, tafuteni kifungu kinachotaja BAT, mahakama ya usuluhishi ya kikapu huko Uswisi. Bila hicho, klabu isipolipa mtadai kwenye mahakama za nchi yao, kwa lugha yao.

MjombaMuyeye:
Moja la mwisho. Cheti cha kuzaliwa chasema Fatuma, cheti cha darasa la nane, KCPE, chasema Fatma. Ni neno?

Bi_Msomi_Lamu:
Ni neno kubwa. Pasipoti hufuata cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, KCSE, hufuata jina la shuleni. Kesho nendeni mkaangalie jina lililosajiliwa shuleni, kabla ya ombi la pasipoti.