Nani hasa alimuua baharia Werner Drechsler?

Mleta mada
Ndugu zangu, jambo hili limenikaa rohoni siku nyingi, leo nalileta tulijadili.

Juni 12, 1943, ndege kutoka manowari ya Marekani, Bogue, ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-118 magharibi mwa visiwa vya Canary. Miongoni mwa waliookolewa alikuwamo Werner Drechsler. Alipelekwa Fort Hunt, Virginia, kambi ya siri ya kuhoji mateka, akakubali kuwatumikia Wamarekani. Akapewa jina jingine, akawa anaingizwa vyumbani kwa mabaharia wapya waliokamatwa, anapiga nao soga kama mwenzao, anawachota maneno. Nao hawakujua kuwa vinasa sauti vimefichwa humo humo.

Kazi ilipokwisha, wanaujasusi walionya kwamba asichanganywe tena na mabaharia wa Kijerumani. Machi 12, 1944 akashushwa Papago Park, Arizona. Na Papago Park ilikuwa kambi ya nani? Mabaharia wa Kijerumani! Wamo aliokuwa nao U-118, wamo aliowachimba Fort Hunt. Walimtambua siku hiyo hiyo. Usiku wakampiga, wakamkokota hadi bafuni wakamning'iniza. Asubuhi akakutwa ameshakufa.

Vijana saba walinyongwa kwa kosa hilo. Mimi nasema aliyempanga kambi ile, onyo likiwapo, naye ana damu mikononi.

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, uzembe wa ofisini ni uzembe, kuua ni kuua. Mkataba wa Geneva wa 1929 uko wazi: mateka anafuata sheria za jeshi linalomshikilia. Hao saba hawakuwa mahakama. Walimhukumu mtu jioni, usiku wakamnyonga, hakupata hata wa kumtetea. Kumwita msaliti hakubadilishi kitu. Ukianza kugawa lawama hadi kwa karani, marehemu anakosa haki mara ya pili.

Mchangiaji wa pili
Haki ipi, ndugu yangu? Tazama tarehe. Mahakama ya kijeshi ilikaa Florence, Arizona, Agosti 1944. Hukumu ya kifo ikatoka, kisha ikawekwa kiporo, kwa sababu Ujerumani nayo ilikuwa na mateka wa Kimarekani waliohukumiwa kufa, na pande mbili zilikuwa zinapimana juu ya kubadilishana wafungwa hao. Vita vya Ulaya vikaisha Mei 8, 1945. Ujerumani ikawa haina tena cha kushikilia. Agosti 25 wote saba wakanyongwa Fort Leavenworth, Kansas, mmoja baada ya mwingine, siku moja. Kama ilikuwa haki tupu, mbona ilisubiri mizani ya mabadilishano? Kwangu mimi walistahili kifungo kirefu. Kunyonga watu saba kwa mauaji ya mtu mmoja, tena vita vimekwisha, jambo hilo siwezi kulitetea.

Mchangiaji wa kwanza
Kusubiri kuliokoa Wamarekani waliokuwa mikononi mwa Hitler. Wewe ungekuwa na mwanao kule ungetaka waharakishe?

Mleta mada
Hilo la kusubiri nakupa, umesema kweli. Na sikatai kwamba waliua. Lakini jiweke kwenye nafasi ya Drechsler, unashuka pale getini, unaona sura za watu uliowalaghai, na kambi nyingine zisizo na baharia hata mmoja zilikuwa tele Marekani nzima. Serikali ilimtumia akiwa na faida, faida ilipokwisha ikamrudisha kwa wale wale. Jasusi wako ukimtupa hivyo, umeshiriki.

Mahakama ya Florence iliulizwa jambo moja tu: nani alivuta kamba. Suala la nani aliandika jina lake kwenye orodha ya Papago Park halikuwekwa mezani kwake, na hapo ndipo ninapowataka wanaotetea hukumu ile wanijibu.