Matambara ya cheni: kufua, kuchoma au kutupa?

NduthiYaKondele
Wakuu, habari za jioni. Nina pikipiki ya kazi, Boxer. Msimu huu wa mvua nasafisha cheni kila Jumapili, maana tope la huku si la mchezo. Natumia mafuta ya taa na brashi kuukuu ya nguo, nikimaliza nabaki na matambara kama sita, meusi tii. Nimekuwa nikiyashindilia kwenye gunia nyuma ya jiko. Mama watoto ameligundua leo, amenipa hadi kesho. Nawaza mambo manne: kuloweka kwa sabuni ya unga na maji moto, kuyapitisha kwanza kwenye petroli, kumpelekea mwenye mashine ya kufulia, au kuchoma tu. Nani amejaribu lipi?

FundiKibuye
Omera, petroli isahau. Mvuke wake hutoka hata kukiwa na baridi, tena ni mzito kuliko hewa. Haupai, unatambaa sakafuni mpaka ukutane na jiko la mkaa la jirani. Mafuta ya taa ni mapole kidogo, yanataka joto la nyuzi 38 hivi kwenda juu ndipo mvuke wake udake moto. Lakini yakishalowa kwenye kitambaa, hesabu inabadilika. Ukitaka kujua tambara lenye mafuta ya taa ni kitu gani, tazama koroboi.

Mimi nayakamua kwenye karai, kisha nayatandaza nje juu ya ukuta, moja moja, yasigusane, mbali na moto. Jua la hapa, kutwa moja harufu imekata. Hapo ndipo sabuni inaingia, na si ya unga. Nachukua ile ya maji ya kuoshea vyombo, napaka juu ya tambara likiwa kavu, nafikicha, naliacha nusu saa, ndipo maji moto. Ukitanguliza maji, grisi inang'ang'ana. Hayatarudi meupe, usijidanganye. Yatakuwa ya kijivu na magumu kidogo, lakini yanafuta.

DadaDobi
Mashine hapana, kaka yangu. Nina biashara ya kufua, na mteja mmoja aliniletea ovaroli, mifukoni kumejaa matambara ya gereji. Mzigo uliofuata ulikuwa shuka za watu. Zilitoka zikinuka kama kituo cha mafuta! Nilizungusha mashine tupu mara tatu kwa maji moto na magadi, na bado ile raba ya mlangoni ilikataa kuachia harufu. Kikaushio ndicho hatari zaidi: tambara hata likifuliwa linabaki na mafuta, nawe unalipulizia joto ndani ya boksi lililofungwa. Nimebandika tangazo mlangoni.

SeremalaNakuru
Mimi nimekwama kwenye hilo gunia nyuma ya jiko. Huku tunapaka mbao mafuta ya kitani. Jioni moja nilifinyanga matambara nikayatupa pembeni. Asubuhi nikashika donge, nikakuta lina joto kali, katikati limegeuka kahawia kama mkate ulioungua, na hakuna aliyewasha kiberiti. Mafuta ya aina hiyo yakikauka hushikana na hewa na kutoa joto. Tambara likitandazwa joto linakwenda zake, likikunjwa halina pa kutokea. Mafuta ya injini na ya taa hayana sana tabia hiyo, ila kuna wenzenu wanaopaka cheni mafuta ya kupikia. Hao wawe macho. Mimi sasa nina debe la chuma lenye kifuniko, na maji ndani.

MwanaDunga
Na hayo maji ya karai mnamwaga wapi, mafundi? Nauliza kwa sababu nakaa mtaro unakoishia. Mvua ikinyesha naona rangi za upinde zikielea kati ya magugumaji.

FundiKibuye
Swali zuri, ndugu. Mafuta niliyokamua naweka kwenye chupa siku mbili, uchafu unatulia chini, ya juu nasafishia tena. Tangu waongeze ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, nani atamwaga mafuta ya taa? Maji ya sabuni, kusema kweli, hapo sijajinasua. Nimepunguza tu: cheni naifuta kwanza kwa gazeti, tambara linamalizia. Kutoka sita nimefika mawili.

NduthiYaKondele
Na kuchoma?

DadaDobi
Choma moshi uje kwenye nguo nilizoanika, uone.

NduthiYaKondele
Nimeelewa, dada. Nimeshatoa gunia nje nikatandaza yote uani. Yako ishirini na tatu. Moja ni fulana yangu ya timu niliyodhani iliibwa kambani mwezi wa tatu. Nimemuuliza mama watoto, anasema hajui lolote.