Laptopu yachemka na kuganda: nitengeneze au ninunue nyingine?

BintiLangoni
Assalaam aleikum wakuu. Laptopu yangu inachemka hata mapajani haiwekeki, feni inavuma kama mota ya boti, na haipiti nusu saa ila imeganda. Kazi yangu ni kuchapa na kutengeneza kadi za harusi, na msimu ndio huu. Fundi mmoja hapa Amu (Lamu) ataka shilingi 2,500 za Kenya aisafishe. Wa pili asema niitupe, ninunue ya mtumba kutoka Mombasa kwa 24,000. Shemeji naye ashikilia nitie SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka. Pesa nilizonazo haziruhusu kukosea mara mbili. Nishike lipi?

Kaskazi_2
Wa aleikum salaam. Laptopu gani? RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ngapi? Inagandaje? Umekuja kwa daktari ukasema "naumwa" ukanyamaza.

MzeeWaMokowe
Binti, nunua ThinkPad, laptopu ya Lenovo. Mengine yote ni maneno.

Kaskazi_2
Mzee, wewe hata ukiulizwa bei ya unga utajibu ThinkPad.

BintiLangoni
Niwieni radhi. Ni Dell Latitude E6430, prosesa i5, RAM GB 4. Niliinunua imeshatumika.

FundiWaNyumbani
Basi hiyo ni ya 2012. Pesti ya kupitisha joto, iliyo kati ya prosesa (ubongo wa mashine) na bomba la shaba, imeshakauka ikawa chokaa. Vumbi nalo hujazana kwenye yale mapezi hewa inapotokea, likafunga kama blanketi, na ukipulizia kwa nje unalisukuma ndani tu. Kifuniko cha chini cha E6430 kinatoka kirahisi. Toa betri kwanza. Zuia feni kwa kidole unapopuliza, isizunguke ovyo. Futa pesti ya zamani kwa spiriti safi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, basi. Mimi nasema safisha. 2,500 lakini ni ghali, ongea naye.

MalindiKwetu
Dada, kabla hujampa fundi yeyote, nisikilize. Mwaka juzi yangu ilikuwa inachemka vivyo hivyo. Nikaipeleka kwa kijana mmoja hapa Malindi, simtaji. Akaniambia njoo Alasiri. Alasiri, njoo kesho. Kesho, "pesti inatoka Mombasa." Siku ya tano nikapewa mashine, nikalipa, nikaenda zangu. Usiku nawasha, baada ya dakika kumi chumba kizima kinanukia mnanaa. Nikadhani ni mke wangu amepika chai. Nikainusa laptopu: dawa ya meno! Ile ile ya kusugulia meno ndiyo aliyoipaka kwenye prosesa. Siku chache ikakauka, joto likarudi na ndugu zake. Kufungua, RAM niliyoiacha ya 8 imekuwa ya 4, na skrubu tatu hazipo. Nilipomrudia akaniuliza, "Una hakika ilikuwa 8?" Sikuwa nimepiga picha. Piga picha ya kila kitu ndani, na ukae pale pale anapofungua.

Mshela
😂 Mnanaa! Yangu mimi nimeiweka yuu ya meza, kila pembe nimetia kifuniko cha soda ipate pumzi. Yapoa. Yeo mwaka wa pili siyui fundi.

MalindiKwetu
Mkiandika Kiamu wekeni tafsiri, wengine tumetoka bara.

Mshela
Kiamu ndicho Kiswahili chenyewe, nyinyi ndio wa kuweka tafsiri.

Kaskazi_2
Turudini kwa mwenye shida. Joto na kuganda si lazima viwe ugonjwa mmoja. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi, ikizidi mashine hujizima yenyewe. Kuganda huku taa ya diski imewaka tu bila kupepesa ni habari nyingine. Dada, alfajiri mashine ikiwa baridi, inaganda?

BintiLangoni
Inaganda hata alfajiri, na hiyo taa ndivyo inavyofanya. Pia nilisahau kusema, iliniponyoka kwenye ngazi za darini Ramadhani iliyopita. Lakini iliwaka vizuri tu.

Kaskazi_2
UMESAHAU? Tunazungumzia vumbi tangu asubuhi! Nakili kazi zako kwanza. Kisha zima, washa huku ukibonyeza F12, chagua Diagnostics, utuambie imeandika nini.

FundiWaNyumbani
Hata kama ni diski, joto bado lipo. Na hewa ya chumvi ya Lamu haimwachi mtu.

MzeeWaMokowe
Na kama ni ya mtumba, aulize kizazi cha prosesa. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel yataka kizazi cha 8 kwenda juu. Hiyo E6430 ni cha 3. Asije akatoa 24,000 akapewa cha 6 kilichopakwa rangi.

Mshela
Atie Linux Mint badala ya Windows. Ni bure na nyepesi.

MalindiKwetu
Programu yake ya kadi ikigoma huko Linux, utamchorea wewe kwa mkono?

BintiLangoni
Nimeanza na F12, samahani Kaskazi, nimeona ni fupi. Imeandika 2000-0142.

Kaskazi_2
Diski hiyo imekufa nusu. Ndiyo maana nilisema nakili KWANZA. SSD ya inchi 2.5 yenye plagi ya SATA inaingia hapo hapo diski ilipo. Shemeji yako alikuwa sahihi, ingawa nadhani alibahatisha.

FundiWaNyumbani
Na akifungua atie SSD, asafishe na feni. Nilisema safisha.

MzeeWaMokowe
Kutia SSD mpya kwenye mashine ya 2012 ni kumvisha punda kanzu.

MalindiKwetu
Ukiagizia SSD kwa basi, wafunge nailoni mbili. Pale Mokowe, mnapovukia kuja Amu, boti zikienda mbio, maji yanaingia mpaka mfukoni.

BintiLangoni
Nanakili kwenye flashi sasa. Kadi za watu 300 za harusi ya Ijumaa zimo humo. Imefika 41 kwa mia, imenata. Ni dakika ishirini sasa. Niizime?

Mshela
Usiizime!

FundiWaNyumbani
Izime ipoe.

Kaskazi_2
Mtu asiguse kitu. Dada, hiyo taa inapepesa au imetulia?