Eko ya valvu bandia: ile vurugu ya damu inapimwaje?

Mzee wa Tandika
Wakuu, salaam. Nina valvu bandia ya aota, yaani mlango wa damu kati ya moyo na mshipa mkuu, ile ya mabawa mawili. Jana kwenye eko, kile kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, nikachungulia kioo: juu ya valvu rangi zimechafuka, nyekundu, buluu, njano, kijani, kama khanga iliyochuja. Mpimaji akasema "hapo damu inavurugika" akaendelea kubofya. Ripoti ina kasi ya juu 2.6 m/s na uwiano 0.38. Sasa hiyo vurugu mbona haina namba?

Bi Eko
Shikamoo mzee wangu. Kazi yangu ndiyo hiyo, kutwa niko kwenye mashine. Haina namba kwa sababu eko ya kawaida haipimi vurugu, inapima kasi. Na zile rangi zisikutishe. Rangi tunaiwekea ukomo, mara nyingi karibu na sentimita 60 kwa sekunde. Damu yako pale inapita kwa 260. Ikivuka ukomo rangi inageuka, ndiyo unaona mchanganyiko. Valvu nzima kabisa nayo hufanya hivyo.

Chukua kasi, izidishe kwa yenyewe, kisha mara 4. Kwako inatoka kama 27: hiyo ndiyo tofauti ya presha, kwa mmHg (milimita za zebaki), mkondo ukiwa kileleni. Kwa aota tunaanza kuuliza maswali ikifika 3 m/s. Ila kasi peke yake inadanganya. Ukiwa na homa au upungufu wa damu inapanda wakati valvu haina kosa. Ndiyo faida ya uwiano: kasi ya kabla ya valvu kugawanya kwa ya kwenye valvu, na zote hupanda pamoja. Uwiano ukishuka chini ya 0.25 namwita daktari kabla hujavaa shati.

Eko ya kwanza baada ya upasuaji unayo? Hiyo itunze kama hati ya kiwanja, maana ndiyo tunayolinganishia.

Injinia Njiro
Vurugu yenyewe tulikuwa tunaipima maabara, chuoni. Damu haipitishi mwanga, kwa hiyo unachanganya maji na gliserini mpaka mnato wake ukaribie wa damu, unatia chembe ndogo za kioo, unapiga leza nyembamba kama karatasi, na kamera inachukua picha mbili haraka haraka. Unaona kila chembe imesogea kiasi gani. Unarudia mapigo mengi, unatoa wastani. Kinachoyumba nje ya wastani ndiyo vurugu. Kwenye mabawa mawili kuna njia tatu, na ile nyembamba ya katikati ndiyo yenye kasi zaidi, kwa hiyo eko ikiangukia hapo namba inapanda kuliko hali halisi. Kwa mtu aliye hai MRI ya mtiririko, ile mashine ya picha kwa sumaku, inaweza kuikadiria, ila jirani kabisa na valvu picha inaharibika.

Mzee wa Tandika
Asanteni. Na hiyo vurugu inaumiza damu?

Bi Eko
Ikizidi, inapasua chembe nyekundu. Ninayoiogopa ni damu inayopenya pembeni ya pete ya valvu. Tundu jembamba, kasi kubwa. Vimkondo vidogo vinavyorudi kwenye bawaba ni vya kawaida, vimewekwa makusudi kuosha damu isigande. Ukiona mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho ya njano au unachoka bila sababu, nenda kliniki, waombe wapime LDH, kimeng'enya kinachopanda chembe nyekundu zikipasuka, pamoja na wingi wa damu. Na warfarini, dawa yako ya kuzuia damu kuganda, usiiguse bila daktari.

Mzee wa Tandika
Mkojo uko sawa. Eko ya kwanza nimeiona kabatini: 2.5 na 0.39.

Bi Eko
Basi hakuna kilichobadilika. Nenda nayo kliniki ijayo, waibane kwenye faili.