Watarajali wa Kigoma: tupeane uzoefu wa zamu za usiku

Mwanga_Sokoni
Wakuu, watarajali wapya (madaktari waliomaliza chuo, wako mafunzoni hospitalini) wanaripoti na kuna mmoja kauliza abebe nini zaidi ya koti na stetoskopu. Mliopita wodi za huku mwageni vitu vya kufanyia kazi, pole na hongera tuziache. Naanza: kalamu nne (tatu zitaazimwa hazitarudi), saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, tochi ya kichwani. Umeme ukikatika, jenereta ina dakika zake kabla ya kushika, na mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji hautafutwi kwa kupapasa.

Sista Mstaafu
Na salamu kwa nesi wa zamu. Hiyo haiuzwi dukani.

Mlole_Juu
Naunga mkono. Ongeza vocha.

Kibirizi
Usiku wenyewe ni ule boti inapofika gati la Kibirizi na mama aliyejifungulia kijiji cha mwambao, damu haikati. Ziwa likichafuka boti haiondoki, kwa hiyo anayefika mara nyingi keshachelewa.

Mtarajali mgeni hukimbilia dripu. Ita watu kwanza. Mmoja akande mji wa mimba, mwingine aweke kanula (mirija ya mshipani) mbili nene, geji 16, na kabla hajaunganisha dripu avute hapo hapo damu ya kupima kundi, maana baadaye mishipa itanywea. Oksitosini, dawa ya kukaza mji, uniti 10 kwenye msuli. Pitisha mpira wa mkojo, kibofu kikijaa mji haukazi. Kagua kondo kama limetoka lote, kisha tafuta mchaniko kwa tochi.

Halafu ipo traneksamiki, dawa ya kuzuia damu: gramu 1 mshipani, polepole kwa dakika 10, irudiwe baada ya dakika 30 kama damu bado inatoka. Hapa ndipo watu wanapokosea. Muda wake hauhesabiwi tangu mama afike, unahesabiwa tangu ajifungue, na yakipita masaa 3 haipewi. Sasa barua ya rufaa inasema "amejifungua 4:00". Bibi aliyemsindikiza anasema saa nne. Mama kapokelewa saa kumi na mbili asubuhi, na huku Kigoma saa hiyo bado giza. Kama muuguzi aliandika saa za kizungu, yamepita masaa mawili, dawa inaingia. Kama aliandika saa nne ya usiku ya Kiswahili, yamepita manane. Karatasi haikuambii! Muulize bibi: watu walikuwa wanakula chakula cha usiku, au jogoo alishawika?

Dokta_Migebuka
Duh. Hiyo 4:00 ni balaa tupu. Andikeni 04:00 au 22:00, yaishe.

Kasulu_Njia_Panda
Kosa ni la zahanati, wanaandika ovyo.

Muuguzi_Mwambao
Ovyo? Zahanati ina mtu mmoja. Anazalisha, anakanda mji, anaandika barua, anahangaikia mafuta ya boti, yote kwa tochi ya simu. Wewe mwenye jenereta njoo uandike.

Kasulu_Njia_Panda
Basi dada, nimekoma. Lakini 22:00 ina tarakimu nne tu.

Muuguzi_Mwambao
Na wewe una mdomo mmoja tu, lakini unatosha wodi nzima.

Wodi_ya_Wazazi
Tukiwa kwenye saa, tusisahau magneziamu ya kifafa cha mimba. Kichupa cha 50% cha ml 10 kina gramu 5. Dozi ya kwanza ni gramu 4 mshipani kwa 20%: vuta ml 8, ongeza maji ya sindano ml 12, inakuwa ml 20, ingiza kwa dakika 5 mpaka 20. Asiyechanganya akasukuma ile 50% moja kwa moja anaweza kumzimisha mama pumzi. Kisha gramu 5 kila tako, pamoja na lignokeini (ganzi) 2% ml 1 katika bomba hilo hilo. Kabla ya kila dozi inayofuata, kila baada ya masaa 4, hesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika. Gonga goti liruke. Mkojo usipungue ml 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kupinga magneziamu ikizidi, ibandike kwa plasta kwenye kitanda. Ikikaa kabatini, ufunguo utakuwa na mtu aliyekwenda chai.

Mlole_Juu
Nyundo ya goti yenyewe iko wapi?

Wodi_ya_Wazazi
Ukingo wa kiganja.

Bwana_Maabara
Upande wa damu: kichupa cha kifuniko cha zambarau, andika jina ukiwa kitandani kwa mgonjwa. Ukiandika mezani ukiwa na vichupa vitatu utachanganya. Na waelezeni ndugu mapema. Wanakuja sita, wananyoosha mikono wakidhani inatoka kwao inaingia kwa mgonjwa wao. Lazima ipimwe Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Kwa hiyo anayechangia saa nane usiku anajaza friji, mgonjwa anapewa iliyokwisha pimwa. Usipowaeleza watasema damu yao imeuzwa.

Dokta_Migebuka
Nunueni oksimita ya kidole (kipimo cha oksijeni), ya kwako mwenyewe.

Sista Mstaafu
Msinunue. Ukiwa nayo wewe tu, utaitwa wodi zote usiku kucha kama mganga.

Dokta_Migebuka
Sista, si ndiyo kazi yenyewe?

Asiye_na_Posho
Mnafundisha dozi, posho hamjaitaja. Jina la akaunti ya benki lifanane herufi kwa herufi na la usajili wenu wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Barua ya kuripoti tunzeni nakala. Kitabu cha utarajali kisainiwe kila wiki, daktari bingwa akihama utamfuata mpaka Mtwara.

Mlole_Juu
Posho ikichelewa kuna dagaa na mawese, hufi.

Asiye_na_Posho
Mwenye nyumba hapokei mawese.

Mtarajali_Mpya
Asanteni wakuu na dada zangu. Hiyo tochi ya kichwani inapatikana Kigoma au nije nayo?

Kibirizi
Ipo, uliza wavuvi wa dagaa. Chukua isiyoingiza maji, utaiosha sana.