Tuvunje kikosi tena au tumwachie kocha Fadlu timu yake? (Agosti 2025)

Lunyasi wa Temeke
Wanasimba wenzangu, tangu tarehe 25 Juni sijaandika kitu. Leo naandika. Msimu umekwisha Yanga wana pointi 82, sisi 78. Tuliingia mechi ya mwisho tukiwa nyuma kwa pointi moja tu, tukafungwa 2-0, penalti ya Pacome na goli la Mzize, ubingwa ukaenda Jangwani, kwa Yanga, mara ya nne mfululizo. Inauma, lakini tukumbuke timu hii ilitoka wapi. Camara, Ahoua, Mukwala, Mutale, Ateba, Okejepha, Kagoma na Awesu wote waliingia dirisha moja la usajili mwaka jana. Mpanzu akaja msimu ukiwa katikati. Watu hawajuani, kocha mgeni, na bado wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, tukalikosa mbele ya Berkane ya Morocco. Ahoua kamaliza mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, na ni kiungo.

Sasa dirisha limefunguliwa na ule ugonjwa umerudi. Che Malone kaondoka, Ngoma kaondoka, nahodha kaondoka, na kila asubuhi nasikia watu mtaani wanataka na Mukwala aondoke, na Mutale aondoke. Hesabuni makocha tangu ubingwa wetu wa mwisho 2021: Gomes, Pablo, Zoran, Mgunda, Robertinho, Benchikha, Mgunda tena, Fadlu. Kila mmoja na wachezaji wake, kila mmoja anaanza moja. Swali langu ni hilo: tunavunja tena, au tunamwachia Fadlu timu aiendeleze? Mimi nasema tuache. Aongezewe watatu au wanne wa kuanza moja kwa moja, yatosha.

Jangwani Damu
Hodi humu ndani, mtu wa Yanga nimeingia. Kolo wa Simba umeandika vizuri, ila dawa unaiona kwa jirani na hutaki kuitaja. Sisi msimu uleule tulianza na Gamondi, akaja Ramovic, akamaliza Hamdi. Makocha watatu, ubingwa wa ligi uleule. Kwa nini? Kwa sababu Diarra yuko golini tangu 2021, mbele yake Job, Bacca na Mwamnyeto wanajuana hata wakifumba macho. Kocha akija anakuta timu. Kwenu kocha akija anakuta uwanja wa mazoezi na orodha ya majina.

Lunyasi wa Temeke
Utopolo umenisaidia bila kujua. Ndicho ninachosema.

Fundi Simu Kahama
Mkuu Lunyasi, nakuheshimu lakini unawatetea hadi wasiostahili. Mshambuliaji anapata nafasi tatu anafunga nusu. Ateba na Mukwala kwa pamoja walitakiwa watupe ubingwa. Mimi Sowah namtaka, tena sana, yule bwana alikuja Singida Januari akaanza kucheka na nyavu siku hiyohiyo. De Reuck pia sawa, beki aliyetoka Mamelodi hafundishwi kusimama. Tusiogope kuvunja. Timu ikiwa haijachukua kombe unailinda ya nini?

Na ile fainali tusidanganyane, mechi ya marudiano ingepigwa Kwa Mkapa, uwanja wetu wa Dar, kombe lingekuwa kabatini. Kwa Mkapa hatoki mtu. Wakatupeleka Zanzibar, watu wamekaa kimya kama wako kwenye khitma. Berkane walijiona wapo kwao.

Bi Mwanakwerekwe
Fundi Simu, hebu rudia hapo kwenye khitma.

Msimbazi Kitambo
Suala la usajili mimi naungana na mtoa mada. Kante anatosha kuziba nafasi ya Ngoma, tumpe muda.

Bi Mwanakwerekwe
Sisubiri urudie, nakujibu. Mimi nilikuwemo uwanjani Amaan siku ile, wewe ulikuwa Kahama unaangalia tivii. Watu walijaa mapema mno, geti halina pa kupita. Mutale alipofunga dakika ya 17, baba mmoja aliyekaa mbele yangu alivua kofia yake ya mkono akairusha, na kofia ya mkono wallahi si kitu cha kurusha, hakuiona tena na hakuitafuta. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Kagoma katolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha pili bado kichanga, tukaendelea kuimba, wachezaji wetu kumi wanasukuma. Mukwala akatia goli, nikakumbatiana na mwanamke sikuwahi kumuona maishani, VAR, refa wa video, ikalifuta. Hapo ndiyo, tulinyamaza. Na wewe ungenyamaza.

Halafu kitu kimoja. Nusu fainali na Stellenbosch ilipigwa wapi? Hapahapa Amaan. Ahoua kapiga faulo, 1-0, tukaenda Durban tukatoa sare, tukavuka. Siku ile sikumsikia mtu wa bara akisema khitma. Tukishinda uwanja ni wa Simba, tukikosa uwanja ni wa Wazanzibari.

Fundi Simu Kahama
Dada, mbona moto hivyo, sijamtukana mtu. Nimesema hesabu. Amaan inaingia watu elfu 15, Kwa Mkapa elfu 60. Waarabu wote wanaokuja Dar wanajua wanachokutana nacho. Al Ahly mwenyewe kala moja 2019 kwa Kagere na moja 2021 kwa Miquissone. Al Masry wametufunga 2-0 kwao, wakaja Dar wakala mbili, tukawamaliza kwa penalti. Hiyo yote ni Kwa Mkapa. Mnajua wenyewe.

Bi Mwanakwerekwe
Usiniite dada kisha unambie mnajua wenyewe. Mimi ni Simba tangu niko chuoni, marehemu baba alikuwa na redio moja tu na ilikuwa haizimwi siku ya mechi. Unguja hii kuna watu wa Simba kabla Kahama haijawa na lami.

Fundi Simu Kahama
Sasa Kahama imeingiaje?

Bi Mwanakwerekwe
Imeingia mlango uleule ulioingia nao wewe Amaan.

Kocha wa Mchangani
Jamani, mvua ilikuwa imeharibu nyasi za Mkapa, CAF, shirikisho la mpira Afrika, ndio walioukataa uwanja. Si Zanzibar iliyoomba fainali. Tungeulizana sisi Bara kwa nini uwanja mkubwa wa nchi unashindwa masika. Amaan iliyofanyiwa ukarabati ikazinduliwa upya ilikuwa tayari. Hiyo inatakiwa iwe aibu yetu.

Mzee wa Keko
Nawasoma vijana. Nianze na hili la "Kwa Mkapa hatoki mtu". Mwaka 1993 tulikuwa fainali ya Kombe la CAF. Tulikwenda Abidjan kwa Stella tukatoka 0-0. Mechi ya marudiano hapa Dar, Uwanja wa Taifa wa zamani, huu wa Uhuru, Rais Mwinyi mwenyewe yupo jukwaani, nchi nzima imesimama. Hakukuwa na mtu aliyewaza kufungwa.

Msimbazi Kitambo
Mzee, tulifungwa moja siku ile, nakumbuka baba alikuwa anasimulia.

Mzee wa Keko
Mbili, mwanangu. Mbili bila, nyumbani, uwanja umefurika. Nilitoka pale nikatembea mpaka Keko na barabara nzima imejaa watu na hakuna anayezungumza. Hiyo ilikuwa Dar es Salaam, siyo Unguja. Na huyu jirani yetu wa Jangwani anayekuja kutufundisha, 2023 fainali ya Shirikisho hiihii aliikaribisha USM Alger Kwa Mkapa, watu wamejaa hadi kwenye ngazi, kapigwa 2-1. Kwa hiyo uwanja nao si kila kitu.

Jangwani Damu
Mzee shikamoo, lakini hapo umenichokoza. Sisi tulipofungwa Dar hatukulia. Tukapanda ndege hadi Algiers, Djuma Shaban akaweka penalti, tukashinda 1-0 kwa Waarabu, kwao, usiku, fataki zinalia. Tulikosa kombe kwa kanuni ya goli la ugenini tu. Nyinyi mlikwenda Berkane mkala mbili ndani ya dakika 15. Fainali yenu iliishia pale Morocco tarehe 17 Mei. Amaan mlikwenda kumalizia.

Bi Mwanakwerekwe
Ahsante. Leo mtu wa Yanga kasema kweli kuliko mtu wa Simba.

Fundi Simu Kahama
Mnaungana na Utopolo sasa? Hii timu imekwisha. Jangwani, 5-0 tuliyowapiga 2012 ulikuwa na miaka mingapi?

Jangwani Damu
Ya kutosha kukumbuka 5-1 tuliyowapiga nyinyi Novemba 2023. Ile ni ya karibu, haihitaji mzee wa kusimulia.

Lunyasi wa Temeke
Nawaomba turudi kwenye mada. Tena hiyo ya Berkane inaingia kwenye mada moja kwa moja. Dakika 15 za kwanza ugenini fainali, mabeki na viungo hawajakaa mahali pao, wanaangaliana. Kukaa mahali pako hakuji kwa kununua mtu mpya, kunakuja kwa kucheza pamoja misimu miwili, mitatu. Berkane wanacheza fainali za kombe hili mara kwa mara, wanajua dakika kumi za mwanzo za fainali zinachezwaje. Sisi tulikuwa na watu wa miezi tisa.

Kocha wa Mchangani
Sawa kabisa. Sasa niambie, ukuta uliocheza fainali umebaki na nani? Che Malone hayupo, beki wa kushoto hayupo. Unaanza tena ukuta mpya wote kasoro Kapombe na Hamza. Kwa hiyo hata "tuache" yako imechelewa.

Mama Lunyasi Mbeya
Huyo beki wa kushoto ana jina. Tshabalala. Semeni. Miaka kumi na moja, katoka Kagera Sugar 2014 akiwa kijana mdogo, tumemlea, tumempa kitambaa cha unahodha, akaondoka kwenda KULE. Mimi Chama alipokwenda mwaka jana nilisema ni mgeni, anatafuta riziki. Huyu siwezi. Juzi ufunguzi wa CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, kafunga kwa kichwa dhidi ya Burkina Faso, watoto nyumbani wanaruka, mimi nimeshangilia nchi yangu nikarudi jikoni. Sikutaka kuangalia wanavyomrudia kwenye tivii.

Msimbazi Kitambo
Mama umenena. Msaliti ni msaliti.

Lunyasi wa Temeke
Hapana, mama yangu, hapo nakukatalia kwa heshima zote. Mkataba umeisha. Mtu aliyecheza kila wiki miaka kumi na moja, amecheza na bandeji, amecheza timu ikiwa haina pesa na ikiwa nazo, hawezi kuitwa msaliti kwa sababu mazungumzo ya mkataba hayakufika mwisho. Mimi sina hasira naye hata kidogo. Hasira yangu ni kwamba tumefika mahali nahodha wa Simba anamaliza mkataba bila kuongezewa mapema. Hilo si la mchezaji.

Mama Lunyasi Mbeya
Angekwenda Azam ningesema sawa. Angekwenda Uarabuni ningemwombea dua. Nchi hii ina timu ngapi? Kwa nini ile?

Jangwani Damu
Kwa sababu ile inachukua makombe, mama. Mpira ni maisha mafupi. Alitaka medali miguu ikiwa bado inamtii.

Mama Lunyasi Mbeya
Medali anazo. Ubingwa mara nne mfululizo, 2018 mpaka 2021, alikuwemo yote. Usinifundishe mchezaji wangu.

Jangwani Damu
Wako? Si ulisema humtaki?

Mama Lunyasi Mbeya
Nimesema siwezi kumsamehe. Sikusema si wangu.

Mzee wa Keko
Muacheni mama. Enzi zetu mchezaji akivuka kutoka Msimbazi kwenda Jangwani ndugu zake walikuwa wanapata tabu sokoni. Sasa naona kijana anaposti picha na jezi mpya watu wanajibu kwa mioyo. Pengine ndiyo maendeleo, sijaizoea.

Kocha wa Mchangani
Kitambaa apewe nani? Hilo ndilo la kuzungumza. Mimi nasema Kapombe. Yupo tangu 2017, anajua uzito wa jezi, na wachezaji wageni wanamsikiliza.

Msimbazi Kitambo
Kapombe umri. Camara golini anaongea vizuri na mabeki.

Fundi Simu Kahama
Nahodha kipa mgeni? Atazungumza na refa kwa lugha gani? Kapombe, tumalize.

Lunyasi wa Temeke
Kapombe na mimi nakubali. Lakini naona mmenikwepa kwenye swali langu la kwanza, nalirudia kwa njia nyingine. Fadlu akianza ligi kwa sare mbili na kipigo kimoja, mtamvumilia? Maana najua kitakachotokea. Mechi ya tatu wataanza kuimba jina la kocha mwingine. Nataka kila aliyeandika humu aseme leo, kabla ya Simba Day, siku ya klabu kutambulisha kikosi, kama yuko tayari kumpa Fadlu madirisha mawili mengine akiwa na hawahawa. Mimi nasema niko tayari hata tukikosa ubingwa msimu wa tano mfululizo.

Mama Lunyasi Mbeya
Wa tano hapana, Lunyasi. Usiniambie wa tano.

Kocha wa Mchangani
Niko tayari. Kwa masharti: asifungwe na Yanga mbele yangu tena.

Msimbazi Kitambo
Hilo sharti ndilo lililofukuza makocha wote uliowaona kwenye ile orodha.

Fundi Simu Kahama
Mimi Sowah akifunga nitavumilia chochote. Ila Bi Mwanakwerekwe hajanijibu bado: elfu 15 na elfu 60 zinalinganaje?

Bi Mwanakwerekwe
Nimekujibu, na Mzee wa Keko kakujibu. 1993 ilikuwa Dar. Panda juu usome.